Asumini Kwenye Kinamo

Kila alfajiri, akishasali, Biasha alichukua ufagio wa chelewa akafagia uani. Alianzia ukutani akaishia mlangoni, na hapakubaki hata jani moja. Majani aliyakusanya pembeni akayatia kibiriti. Moshi ukipanda, majirani walijua Biasha ameamka. Mtaani pale, nyuma ya soko la Mwanakwerekwe, hapakuwa na uani pasafi kama pake, na mwenyewe alijivunia.

Lakini hapo uani hapakuota kitu. Udongo wake ulikuwa kinamo, ule udongo mzito unaonata. Wakati wa masika ulishika viatu kama donge la unga. Wakati wa jua kali ulikauka ukapasuka, kidole kizima kikaingia kwenye nyufa zake.

Biasha hakuzaliwa kwenye udongo. Alizaliwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, mtaa wa Mkunazini. Kule mama yake, Bi Rahila, alikuwa na mti mmoja wa asumini ndani ya kopo la rangi, kwenye roshani. Kila alasiri Bi Rahila alichuma maua yake, akatunga vikuba, vile vishada vya kuvaliwa na maharusi. Alipougua, alimwita mwanawe.

"Nyumba hii itauzwa," alisema. "Mti wangu usiuache. Utie ardhini, mwanangu. Umeishi kifungoni miaka yote, na wewe una nyumba yenye ardhi."

"Nitautia, mama," alijibu Biasha.

Bi Rahila alifariki, nyumba ikauzwa, na kopo likaja Mwanakwerekwe. Sasa lilikuwa limeliwa na kutu, mizizi inatokeza chini. Majani ya mti yalianza kupungua. Ahadi haikuweza kungoja tena.

Kwanza alijaribu kwa akili yake. Alikata vipande viwili vya mti ule, akavitia kwenye maji mpaka vikatoa mizizi. Akachimba shimo refu. Mkwewe Masoud, aliyemuoa binti yake Yusra, akamletea magunia mawili ya mchanga wa pwani kutoka Kizimkazi. Kila mtu alisema kinamo hulainishwa kwa mchanga. Biasha akachanganya, akapanda.

Masika yalipokuja, shimo lilijaa maji kama ndoo. Mche wa kwanza ukageuka manjano, ukaoza. Akaupanda wa pili, akaongeza mchanga. Wa pili ukaungua ncha za majani, nao ukafa. Ukabaki mti wa mama peke yake.

Mumewe, Talib, fundi wa mageti, aliona sasa imetosha. Alileta mifuko sita ya saruji akaipanga barazani.

"Mama Yusra, hapa tutie zege tupumzike," alisema. "Tope litakwisha, na wewe utafagia kwa raha."

"Zege hutii," alisema Biasha.

"Kwa nini? Kinamo hiki hakioteshi hata jani!"

"Nshasema, hutii. Mti wa mama utaota hapa."

Talib hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuna kichwa. "Basi nakupa mpaka vuli iishe. Mvua zikikatika na pako hivi hivi, naita mafundi."

"Waite," alisema Biasha. "Watakuta maua."

Alisema kwa sauti kubwa, ingawa hakujua maua yenyewe yatatoka wapi.

Mwezi huo huo, nyumba ya jirani ilipangwa na msichana mmoja aliyeitwa Tahiya. Alikuwa bibi shamba, akifanya kazi Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo ya serikali. Kila siku alirudi na buti za mpira zenye udongo mwekundu. Asubuhi ya Jumamosi alipiga hodi.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Samahani, nimeona moshi. Unachoma nini kila siku?"

"Nachoma taka. Au kwenu hawafagii?"

Tahiya akacheka. Akaona kopo la kutu, akaona na shimo tupu. Biasha, kwa shingo upande, akamsimulia yote. Hakupenda kufundishwa na mtoto mdogo kuliko Yusra. Lakini mti ulikuwa unakufa, na kiburi hakikuwa na faida tena.

Tahiya aliinama, akachukua konzi ya udongo, akautia maji kidogo. Akaufinyanga mpaka ukawa kamba nyembamba. Kisha akaukunja ukawa pete, na pete haikuvunjika.

"Ukiona hivi, ujue ni kinamo hasa," alisema. "Lakini Bi Biasha, hii si ardhi mbaya. Ina chakula kingi na inashika maji. Shida yake imejibana. Mizizi haipati hewa, maji hayapati njia."

"Ndiyo nikatia mchanga!"

"Mchanga wa pwani una chumvi. Ndiyo iliyouunguza mche wa pili. Tena mchanga mwembamba ukichanganyika na kinamo hushikana, ukakauka kama tofali. Na shimo lako umelichimba kwenye udongo uliobana, kuta zake zikawa laini kama za mtungi. Maji yameingia, yatoke wapi?"

Biasha alilitazama shimo lake. Aliona ukweli wake, na ulimuuma.

"Basi dawa yake nini?"

Tahiya alinyoosha kidole kwenye jivu lililokuwa bado linafuka. "Dawa yake unaichoma kila alfajiri. Majani yakioza yakawa mboji, ndiyo yanayokitenganisha kinamo. Nyungunyungu wanakuja, wanatoboa njia za hewa na maji. Wewe ardhi yako umeifagia mpaka imebaki mifupa."

Biasha alihisi uso unapata moto. Usafi wake! Jambo alilosifiwa miaka yote, leo anaambiwa ndilo kosa. Alitaka kumfukuza msichana yule. Badala yake alikwenda ukutani, akauegemeza ufagio kwa nguvu.

"Haya," alisema. "Nifundishe."

Wakaanza siku hiyo hiyo. Pembeni mwa uani, kivulini, walitandika majani makavu. Juu yake wakatia maganda ya mboga na ndizi na majani mabichi, kisha samadi ya ng'ombe. Wakarudia tena na tena mpaka lundo likafika kiunoni.

"Usitie mabaki ya samaki wala wali," alisema Tahiya. "Utaita panya na paka wa mtaa mzima. Lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kila wiki mbili ligeuze. Baada ya miezi mitatu litanukia ardhi, halitanuka uvundo."

Mtaa haukukaa kimya. Bi Maryam, jirani wa mbele, alisimama mlangoni ameziba pua kwa mtandio.

"Shoga, leo mwenye uani safi kafuga jaa?"

"Nimefuga," alijibu Biasha. "Na nikipata majani mengine n'taongeza."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Mdomo wao, uani wangu."

Kila asubuhi alifagia kama kawaida, lakini majani yalikwenda kwenye lundo. Moshi haukupanda tena. Wengine walimuuliza Talib kama mkewe yu mzima. Talib alicheka tu, akaitazama mifuko yake ya saruji.

Mwezi wa tisa Biasha alitaka kuanza kuchimba. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha usiku uliopita. Tahiya alimzuia.

"Finya udongo kwanza, kisha ubonyeze kwa kidole. Ukibonyea kama donge la unga, ngoja. Ukichimba kinamo kikiwa kimelowa, unakibana zaidi. Na kikiwa kikavu kabisa, utavunja jembe. Siku utakapobonyeza donge likameguka, chimba."

Waliingoja siku hiyo, nayo ilifika. Biasha akalegeza ardhi kwa jembe. Akaondoa ule mchanga wa pwani wote aliouweza. Akachanganya mboji na vumbi la makumbi ya nazi. Kisha wakainua tuta shibiri moja na nusu juu ya uani, ili maji yashuke pembeni. Upana wake ulikuwa wa kufikia katikati kwa mkono, bila kukanyaga.

"Tuta hili lisikanyagwe na kuku tu, au hata na mtu?" aliuliza Biasha.

"Lisikanyagwe na yeyote. Ukilikanyaga, unalibana upya."

Ndipo Biasha akalileta lile kopo. Talib mwenyewe alilikata kwa msumeno wa chuma, polepole, ili mizizi isichanike. Mizizi ilikuwa imejizungusha ikachukua umbo la kopo. Tahiya akaifungua kwa vidole. Biasha akachimba shimo dogo juu ya tuta, akazikwaruza kuta zake zisiwe laini. Akaupanda mti, kitako cha shina kikabaki juu kidogo ya udongo. Akatandaza majani makavu kuuzunguka, lakini hayakugusa shina.

Alipomaliza hakusimama mara moja. Aliweka kiganja juu ya udongo, machozi yakamtoka.

"Mama, nimeutoa kifungoni," alisema.

Vuli ilikuja kwa nguvu. Siku ya kwanza ya mvua kubwa Biasha alisimama dirishani akitazama. Uani kote maji yalituama. Juu ya tuta hayakutuama. Yaliingia, yakashuka pembeni, yakaenda zake. Mti ulisimama pale pale, umelowa na mzima. Baada ya wiki tatu ukatoa machipukizi, na mirehani aliyoipanda kando yake ikaota.

Mvua zilipokatika, Talib alikumbuka ahadi yake. Aliunyanyua mfuko mmoja wa saruji. Ulikuwa umeganda mzima kwa unyevu, mgumu kama jiwe. Akaujaribu wa pili, nao vile vile. Yote sita ilikuwa imeganda. Kabla hajasema neno, Biasha alikuwa amemshika mkono anamvuta kwenye tuta. Kwenye ncha ya tawi palikuwa na asumini tatu, nyeupe, zimefunguka.

Talib alinusa. Akainama akanusa tena. "Harufu ya roshani ya Mkunazini," alisema. Mifuko ile iliyoganda akaipanga kwenye mlango wa jiko ikawa kipandio, na habari ya zege ikaishia hapo.

Mwaka uliofuata, kabla ya mwezi wa Ramadhani, Biasha alikuwa na matuta manne. Miche yote ilitoka kwenye mti wa mama. Alasiri moja hodi ilipigwa. Alikuwa Bi Maryam. Safari hii mtandio ulikuwa mabegani, haukuziba pua.

"Shoga, binti yangu anaolewa Alhamisi," alisema. "Sokoni asumini zimeadimika. Nimekuja kwako nakuomba, tutungie vikuba."

Biasha alimtazama. Angeweza kumkumbusha jaa. Maneno yalimjia mpaka ulimini.

"Maua utapata, na kutunga n'tatunga mwenyewe kama alivyotunga mama," alisema. "Lakini nina sharti moja."

"Sema."

"Kesho ukifagia kwako, usichome. Majani niletee. Uyachukue kichwani, upite mlango wa mbele, kila mtu akuone."

Bi Maryam aliangua kicheko, kisha akaona mwenzake hatanii.

Alfajiri ya pili, mtaani hapakuwa na moshi hata kidogo. Bi Maryam alivuka njia na gunia la majani kichwani, watu wanamtazama. Biasha alikuwa amesimama mlangoni anamngoja, mkononi ameshika kikuba cha kwanza.