Jina Chini ya Sanamu

Mwaka ule wa kwanza wa uhuru, nyumba aliyoiacha mzungu huko Chekalini ilikuwa na jiko la kuni tu, lakini tangu Navalayo ajifungue ilinuka moshi wa makaa ya mawe. Mumewe, Joash, aliyewahi kuwa karani wa stesheni, aliutambua mara moja. Alisema labda upepo unauleta kutoka relini. Reli ilikuwa mbali, na upepo haukuwapo.

Navalayo hakujali. Alikwisha kuzika watoto wawili, na huyu wa tatu alikuwa analia kutwa kucha, siku ya tano sasa, akikataa ziwa. Mama mkwe alimpakata akimwitia majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, maana mtoto hulilia jina, na akisikia lililo lake hunyamaza akanyonya.

"Sifuna, ni wewe? Nabwera?"

Mtoto akazidi kupasua koo.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Joash alikaa mezani na sanduku la vikorokoro vya reli ya kuchezea, vilivyosahauliwa na mwenye nyumba. Ndugu wa mzungu huyo alikuwa ameandika kutoka Uingereza, aelezwe kipi ni cha kabla ya vita vya dunia na kipi cha baadaye. Joash aliifurahia kazi hiyo kama mtu aliyerudishiwa kofia yake ya stesheni. Alipima kila kimoja mkononi, akasoma kwa sauti.

"Ishara ya mkono ya reli, ya madini ya risasi, nzito. Ya zamani. Taa ya stesheni, bati jepesi. Ya juzi juzi."

Kisha akashika kijisanamu cha mtoto. Hakikuwa na chapa ya kiwanda, ila herufi zilizokwaruzwa kwa msumari chini ya nyayo.

"Rupati," akasoma.

Kilio kikakatika.

"Kumbe ni wewe, Lupati," mama mkwe akadaka, akidhani mwanawe amekumbuka mzee fulani wa kwao. "Nyonya, baba."

Akamrudishia Navalayo, na mtoto akanyonya. Joash alijua lile ni jina la kizungu, lakini nani amkosoe mamake wakati mtoto ameshika ziwa? Kuku akachinjwa siku hiyo hiyo, na jina likishaliwa kuku halirudishwi.

Tangu hapo mtoto hakulia tena, hata pini ya nepi ilipomchoma; alilala macho wazi akitazama ukuta wa upande wa reli, na kila adhuhuri pumzi zake zilianza polepole, zikaongeza mwendo, zikakaza kama gari moshi linalopanda mlima, na harufu ya makaa ikaingia kwenye shuka, kwenye nywele, mpaka kwenye maziwa yenyewe, na Navalayo akampakata vivyo hivyo, bila kuogopa wala kupenda, mwili mzima umekufa ganzi.

Kipruto, mpishi wa zamani wa mzungu, alipolisikia jina hilo alishusha sauti akamwambia Joash.

"Hiyo ni jina ya kijana ya bwana. Alikufia hapa, na homa. Bwana alitengeneza hiyo sanamu yake mwenyewe. Lakini memsabu alikuwa anaitanga hiyo jina kila siku, mpaka kitu ikaanza kuitika. Ndio walihama mbio."

Joash akaenda Mumias, akarudi na Mwalimu Swaleh wa madrasa. Mama mkwe, mtu wa kanisa, alifunga madirisha majirani wasione. Swaleh alifukiza ubani, akasoma, akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Si kijana wa mzungu huyu," akanong'ona. "Ni jini. Lilikosa jina likaazima la maiti. Naweza kulitoa sasa, mama. Mwite mwanao kwa jina la babu yake. Akilia, ni wako. Asipolia, wako aliondoka siku ile aliponyamaza, na mtabaki na mwili tu."

"Mwite Sifuna," Joash akamsihi mkewe. "Mwite tu, mama."

Navalayo akafumbua mdomo. Mtoto alikuwa mzito mapajani, na alikuwa na joto. Hapo ganzi ikamwachia kidogo, na kilichoingia ni woga, lakini si wa jini. Aliogopa kaburi la tatu.

Akafungua vifungo vya blauzi.

"Lupati," akaita. "Njoo unyonye."

Swaleh akafunga kitabu chake. Na kitoto kile cha majuma matatu kikageuza shingo, kikamwitikia mama yake kwa Kiingereza.