Swali Ambalo Kambale Hakuliuliza

Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyosheheni makabichi ilishuka mbio katika njia nyembamba ya Birere, mtaa wa soko mjini Goma, na Alliance, aliyekuwa akipapasa vitenge mezani kwa mchuuzi, hakuiona. Mkono ulimshika begani ukamvuta kando. Akageuka kushukuru.

Alikuwa Kambale, mume wake.

Alikuwa amekonda. Koti lake la jinzi lilikuwa lilelile, limepauka mabegani. Alliance akakumbuka ghafla kwamba kitenge alichovaa ni cha kuazima na kwamba nywele zake hazijasukwa. Alitamani kumrukia shingoni. Alitamani pia kumpiga kofi.

"Alliance! Ni weye?"

"Ni miye. Ulifikiri nilikufa?"

"Nilipiga simu mpaka nikachoka."

"Simu ilipotea tukikimbia. Na weye, miguu yako ilipotea pia?"

"Barabara ilifungwa, mupenzi. Nimezunguka Uganda yote juu ya kukufikia."

Vita vilipoingia Kalengera, kijijini walikoishi, Kambale alikuwa amepeleka maharagwe kwao Butembo. Alliance alikimbia na majirani, tumbo likiwa kubwa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani, hakulia. Wanawake asiowajua walimzika kando ya shamba la migomba, na safari ikaendelea. Habari hiyo Kambale aliipata kwa mtu aliyekimbilia Butembo.

Sasa Alliance aliishi Goma kwa shangazi yake, Clotilde. Kambale alipanga chumba upande mwingine wa mji, akingoja mke wake amfuate, akawa anapiga simu ya shangazi kila jioni.

"Umekula nini?"

"Sombe. Majani ya muhogo tena."

"Na samaki?"

"Samaki wako ziwani, wanakungojea weye."

"Nitawaleta."

"Weye? Utawamaliza njiani!"

Walicheka. Lakini Kambale alipouliza, "Utakuja nyumbani siku gani?" Alliance alinyamaza, na simu ikakatwa kwa kwaheri baridi. Kisha alikaa akiitazama simu ile, mwili mzima ukimtaka mtu yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimnyima jibu.

Shangazi alichoka kuwaangalia.

"Muende kwa Mama Annonciata na mume wake, Muzee Célestin, kule parokia. Wanasaidia watu wa ndoa. Vita haikuwaachanisha, sasa munajiachanisha wenyewe?"

Mama Annonciata hakuwahubiria. Aliwaketisha wakitazamana, magoti karibu kugusana.

"Kila mutu aseme kinachomuuma. Mwenzake asikilize tu. Papa, anza."

Kambale alikunjakunja kofia yake mikononi. "Kwa simu anacheka. Nikimwambia turudiane, ananyamaza. Nafikiri kuna mwanaume mwingine."

Alliance akafumba macho, akayafumbua.

"Hakuna mwanaume. Kuna mutoto. Nilimubeba, nikamuzaa, nikamuacha kando ya barabara, na baba yake hajaniuliza kitu. Umeniuliza sombe, umeniuliza samaki. Juu ya mutoto, hata neno moja! Nikajua unanihukumu."

Muzee Célestin akainama mbele.

"Mwanangu, unamuhukumu?"

"Hapana, Muzee!" Sauti ya Kambale ilipasuka. "Ni miye najihukumu. Nilikuwa nauza maharagwe, na muke wangu anazaa njiani. Ningeuliza kwa mudomo gani?"

"Kwa huo huo unaosemea. Uliza sasa."

Kambale akaiweka kofia sakafuni, akamtazama mke wake.

"Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke," alisema Alliance, na machozi yakaanza. "Nywele nyingi. Na vidole virefu kama vyako. Nilivishika vyote."

Kambale aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu kizito.

"Basi ni Masika. Kwetu Wanande binti wa kwanza ni Masika. Hata kama hakulia, ni Masika wetu."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita mtoto yule kwa jina. Alliance alilisema kwa sauti ya chini, akalirudia, kisha akakishika kichwa cha mume wake akakilaza mapajani. Wakalia pamoja, kwa mara ya kwanza. Mama Annonciata na mume wake wakatoka nje bila kelele.

Baadaye, uani, jua lilikuwa kali juu ya mawe meusi ya volkano.

"Mungu akitupa binti mwingine," Alliance aliuliza, "hautamupa jina la dada yake?"

"Hapana. Ataitwa Biira. Biira ni wa pili."

Alliance aliingiza mkono wake ndani ya ule wa Kambale.

"Basi twende kwa shangazi, tuchukue nguo zangu."