Mgeni wa Mbeyu

Sahani ya mgeni ilirudi jikoni ikiwa imelambwa, na nyumba haikuwa na mgeni.

Bi Mwanarusi aliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango wa uani. Alikuwa amepakua wali wa ziada, kama apakuavyo mwanamke yeyote wa Msambweni anayejiheshimu, akaufunika kwa kawa chumba cha wageni, asije mtu akakuta nyumba haina kitu. Sasa palibaki chumvi tu, imeganda ukingoni kama povu la bahari.

"Sefu, ni wewe uliyekula?"

"Mimi, mama? Labda paka."

"Paka gani huyo, anakula kisha anafunika kawa?"

Sefu akacheka. Mkewe, Mbeyu, hakucheka. Alikuwa amejilaza barazani tangu asubuhi, kajifunika leso mbili hadi shingoni katika joto lile la Machi, na meno yanagongana. Alianza hivyo siku ile ile waliyorudi kutoka kisiwani. Na Sefu, ambaye peke yake ndani ya nyumba ile alijua alichokisema huko, akainama akajifanya anatafuta kiatu.

Huyu Sefu alikuwa na cheti cha Kembriji. Cheti kizuri, kina muhuri. Alikizungusha ofisi zote za Mombasa, na kila ofisi ilikuwa na kiti kimoja tu cha mtu wa rangi yake, kiti cha tarishi, nacho kina mwenyewe. Basi msomi wetu akaishia Diani, nyumba ya wageni ya Wazungu, kanzu nyeupe, mkanda mwekundu, trei ya chai mkononi. Yes, memsahib. No, memsahib. Na huku bara Hali ya Hatari imewaka, Mwafrika akiguna tu anaulizwa kipande, kile kitambulisho chake.

Hapo mezani ndipo alipojifunza habari ya likizo. Kila memsahib alikunjua ramani kwenye chai ya asubuhi akapanga: ufukweni siku mbili, inatosha, kisha mapangoni, kisha kuvua, kisha kisiwani, and the rest, we shall see. Sefu akaona kumbe kulala mchangani mpaka pua ibambuke ni mwanzo tu. Muungwana hupanga atakaa siku ngapi, na atafanya nini akishauchoka mchanga.

Akaapa kumpeleka Mbeyu, bibi harusi wake, likizo ya namna hiyo. Shangazi yake Mbeyu alikuwa na nyumba tupu Kisiwa cha Nyuli, ng'ambo ya Kibuyuni.

"Tutakaa siku ngapi?" Mbeyu aliuliza.

"Inategemea programu."

"Programu ndiyo nani?"

Wakacheka njia nzima.

Sasa, ufukwe wa Nyuli ni wa kila mtu. Ukitaka kuuacha ufukwe uingie ndani ya kisiwa, kwenye makaburi ya kale na matumbawe yaliyokauka kama bustani ya mawe, sharti usimame kwanza penye mwamba uliofungwa vitambaa vyeupe, utaje jina lako na siku utakazokaa. Wenyeji wasioonekana wanakupokea. Nyoka hakugusi, homa haikushiki. Wewe kazi yako ni moja, kuzitimiza siku ulizotaja.

Aliyepafagia ni Bi Jumwa, mama mnene mwenye ulimi.

"Haya, bwana harusi. Jina na siku."

Sefu aliogopa, na alichokiogopa zaidi ni kuonekana anaogopa. Mbeyu alikuwa nyuma, anaokota makombe, hasikii. Sefu akauangalia ule mwamba, akasema chini chini:

"Mbeyu binti Chirau. Atakaa mpaka achoke."

Bi Jumwa akasimamisha ufagio. "Hiyo si siku, baba. Wala hilo si jina lako."

"Nonsense! Imesemwa au haijasemwa?"

"Imesemwa," akajibu yule mama, na asimtazame tena.

Walikaa siku mbili. Mbeyu alikipenda kisiwa kile. Aliteka maji na wanawake wa pale, akajifunza nyimbo zao, akaomba waongeze siku. Aliyechoka ni Sefu. Kuona mkewe anafurahi bila yeye kulimkera, akasingizia kazi, wakaondoka.

Baada ya sahani ile kukaja harufu. Kila adhuhuri, jua la utosi, watu wamejitupa kwenye mikeka, nyumba ilinuka mwani uliooza na udi mzuri kwa pamoja. Godoro la chumba cha wageni likawa linaloa. Ukilikamua, ni maji ya bahari. Mbeyu naye akawa anakauka, kana kwamba yale maji yanatoka kwake.

Kisha alasiri moja, Bi Mwanarusi anachambua mchele ukumbini, Sefu yuko mlangoni na koti la kazi begani, ikasikika sauti ya kiume, ya upole, ya mtu aliyelelewa vyema, ikitokea ndani ya chumba cha wageni ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje, sauti isiyogonga wala isiyolazimisha, ikisema "Hodi," ikanyamaza kama mtu anayengoja ruhusa, ikasema tena "Hodi, wenyewe," na Bi Mwanarusi, ambaye miaka sitini kinywa chake hakijawahi kumnyima mtu jibu la hodi, akasikia ulimi wake mwenyewe ukisema "Karibu" kabla akili haijauwahi.

Komeo likafunguka polepole.

"Laa haula," akanong'ona. "Sefu, nimemkaribisha nani?"

Sefu alijua. Akasema hajui.

Wakamwita Kavumbi, mganga wa kule Kinango, aliyekuja na baiskeli na hasira za vumbi. Akatia ubani kwenye chetezo, akamkalisha Mbeyu mkekani, akamshika kidole gumba.

"Huyu mchetu, mwanamke huyu, hana ugonjwa. Ana mgeni." Akainua sauti. "Wewe, bwana, umefuata nini kwenye nyumba ya watu?"

Kinywa cha Mbeyu kikafunguka, ile sauti ya upole ikatoka.

"Mimi si mwizi. Tuliambiwa atakaa mpaka achoke. Hajachoka, akaondolewa. Nami nimekuja kukaa kwake mpaka achoke."

"Aliyesema ni nani?"

"Mumewe."

Macho ya Mbeyu, ambayo yalikuwa bado ya Mbeyu, yakamgeukia Sefu.

"Jina huondolewa kwa jina," Kavumbi akasema. "Mtu ataje lake, kwa kinywa chake, kwa hiari yake, mgeni amhamie. Haya, kijana. Mkeo anaisha."

Na Sefu akafungua kinywa, wallahi alikifungua, jina lake likafika hadi kwenye meno, akawaza litoke tu liishe, akawaza godoro linavyokamuliwa, akawaza cheti na umri wake na mambo mengi ambayo bado hajayaonja, akawaza labda kuna dawa nyingine, labda hospitali, labda kesho, huku moshi unamwingia machoni na mkewe anamtazama na mganga anamtazama na hakuna aliyemharakisha, na kila alipovuta pumzi ya kusema akaitumia kuvutia pumzi nyingine.

"Mwanarusi binti Matano."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mchele mkononi.

"Mama, hapana," Sefu akasema. Hilo lilimtoka upesi.

"Nyamaza. Mimi ndiye niliyesema karibu."

Mbeyu akakohoa, akatapika maji ya chumvi, akaomba chai. Homa ikamtoka pale pale. Hakumuuliza Sefu neno, si siku ile wala iliyofuata. Alimwandalia chakula, akamfulia kanzu, na Sefu akatamani angalau atukanwe.

Bi Mwanarusi alihamishia mto wake chumba cha wageni. Kila machweo wakamsikia akizungumza na mtu, akicheka hata, na kila asubuhi khanga yake ikawa pana zaidi mwilini.

Jioni moja wanakula, akaita kutoka kule ndani, sauti nyembamba.

"Sefu, mwanangu! Mgeni anauliza mwenye nyumba ni nani. Anataka kumshukuru."

Tonge likasimama mkononi mwa Sefu. Mlango wa kile chumba ukaanza kusogea. Mbeyu akamngoja mumewe ajibu. Alimngoja sana. Kisha akanawa mkono, akajibu badala yake.

"Mwambieni hayupo, mama. Hapa hatujawahi kuwa naye."