Joto Lililomzidi Madi

Mwaka 1977 Nouriat na mumewe Madi walifukuzwa Majunga, ng'ambo ya bahari, wakarudishwa Mutsamudu, mji wa kwao Madi, mikono mitupu. Bi Oumi, shangazi yake Madi, aliwapokea kwake, mtaa wa Hombo. Nouriat alimshukuru Mungu kila alipoinuka kwenye mswala. Madi alipata kibarua bandarini, kubeba magunia ya mchele.

Siku moja, baada ya adhuhuri, mwenzake Djaffar alimleta amemshika kwapani. Madi alisema ovyo. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto.

"Malaria hiyo!" alisema Bi Oumi. "Mfunike, mwanangu, atoke jasho."

Nouriat akavua shiromani yake, shuka lake kubwa la kutokea, akamviringisha mumewe. Bi Oumi alikwisha kumpaka mafuta ya nazi mwili mzima. Majirani wakajaa chumbani, bega kwa bega, wakamsomea Yasini. Mlango ukafungwa. Madi akazidi kuwaka, hata asimtambue mkewe.

"Ya Rabi, usinifanye mjane ugenini," Nouriat aliomba.

Djaffar akakimbia kumwita Zouhoura, muuguzi aliyesomea Moroni. Zouhoura akapima: digrii arobaini na moja.

"Alikuwa wapi?"

"Chini kabisa melini," Djaffar akajibu. "Kule hakuna hewa. Mtu unapikwa!"

"Basi amepigwa na joto. Mfunueni! Fungueni mlango. Nanyi jamaa, someeni uani. Miili yenu nayo inatoa joto, kama mafiga yaliyotoka motoni."

Akafuta mafuta kwa kitambaa chenye sabuni. "Maji hayashiki juu ya mafuta. Tunataka yakae kwenye ngozi, kisha yakauke. Yakikauka yanaondoka na joto. Ukitoka kuoga ukapigwa na upepo, husikii baridi?"

"Nasikia," alisema Nouriat, akamlowesha mumewe. Djaffar akampepea kwa kawa la kufunikia chakula. Bi Oumi akaweka vitambaa vya maji baridi shingoni na kwapani.

"Hapo damu nyingi hupita karibu na ngozi," Zouhoura alieleza. "Kitambaa hulivuta joto. Kikipata moto, badilisha. Akitetemeka, punguzeni, maana kutetemeka hutengeneza joto jipya."

"Nimpe maji?"

"Bado, atapaliwa. Akirudiwa na akili."

Kipimo kiliposhuka hadi thelathini na tisa, akasema, "Basi, mkausheni. Twendeni hospitali."

Madi akafumbua macho. "Nouriat, mbona mmenilowesha?"

"Umekuwa samaki wa sokoni Mirontsy," alisema Djaffar. "Tunakumwagia maji usioze!"

Bi Oumi akacheka huku analia. "Nilitaka kukuponya, baba, nikakaribia kukuua."

"Ulifanya kwa mapenzi, bibi," alisema Zouhoura. "Sasa unajua."

Madi alipona. Tangu hapo wapagazi wakawa wanashuka chini melini kwa zamu, na pipa la maji ya kunywa likawekwa juu. Meli ya pili ilipokuja, mpagazi Moinaidi alianguka. Madi alimlaza kivulini, akamvua shati, akammwagia maji, akampepea, wenzake wakaita gari la hospitali. Moinaidi akapona.

Mkewe akaja Hombo na mkungu wa ndizi. "Mume wako amenirudishia wangu."

Nouriat akamkumbatia. "Si yeye, dada yangu. Ni Mola, kwa maji yake na upepo wake."