Nilimfukuza Zuhura kwa Kosa la Waya Wangu

Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, mkazi wa Ipuli hapa Tabora. Naandika haya moyo ukiniuma. Wasomaji wenzangu, nina dhambi ya kumtupa rafiki...

Nina steshenari Gongoni, yenye kompyuta sita. Niliianzisha na rafiki yangu Zuhura wa Chemchem. Mimi nilipokea wateja, yeye alishughulika na ruta, nyaya na swichi, kile kiboksi kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote. Tatizo likitokea hakuwa na papara. Alipiga magoti, akashika waya mmoja na kuufuata kwa vidole mpaka unapoishia, kisha mwingine. Nilikuwa namtania kwamba anavuta tasbihi!

Jumatatu moja mtandao ukagoma. Ilikuwa wiki ya mwisho ya vijana kuomba vyuo, foleni imefika barazani! Taa zote za swichi zilipepesa kwa pamoja, haraka haraka, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Nikazima ruta, nikawasha. Nikaibadilisha kabisa. Wapi!

Asubuhi hiyo Zuhura alichelewa. Na wiki iliyotangulia aliniambia anatamani kufungua ofisi yake. Nikaunganisha hayo mawili... Alipoingia tu nikamwita msaliti mbele ya wateja, eti kaniharibia makusudi ili nifunge!

"Dada, niache kwanza nifuate nyaya," alisema kwa upole.

Nikamnyang'anya funguo. Nikamwambia asiguse kitu changu tena. Akajitanda mtandio wake, akaondoka akilia.

Siku tatu nilihangaika, wateja wakahamia kwa wengine. Siku ya nne, nikiwa sina ujanja, nikapiga magoti na kufuata nyaya kwa vidole kama yeye. Waya mmoja ulitoka kwenye swichi, ukapita nyuma ya meza... ukarudi kwenye swichi ileile! Mtandao ulikuwa unajizungusha humohumo mpaka unajikaba.

Nani aliuchomeka? Mimi! Jumamosi baada ya kufunga kazi nilikuwa nadeki, nikaona ncha ya waya wa kompyuta tuliyoiondoa imelala sakafuni. Sipendi vitu vizagae. Nikaichomeka kwenye tundu la swichi lililokuwa wazi, ofisi ionekane nadhifu.

Nikaichomoa. Taa zikatulia, mtandao ukarudi palepale. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Nilikwenda Chemchem kuomba radhi. Zuhura alinikaribisha, akanipa chai, akaniita dada kama zamani. Nikadhani yamekwisha. Nilipomsihi arudi, akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, dada. Ila kurudi siwezi. Siku mtandao ukikata tena, utaniangalia mimi kwanza."

Nikaweka kikombe chini, nikaaga.

Nawasihi, wasomaji... kabla hujamnyooshea mtu kidole, piga magoti kwanza, ufuate waya mpaka mwisho! Mimi sasa nazifuata nyaya zote kila asubuhi, peke yangu. Tangu siku ile mtandao haujakata hata mara moja, na wa kumwambia sina.