Msamaha Haufuti Fidia

Theopista alikuwa wa kwanza kuamka kila siku. Alikata majani ya ng'ombe, akakamua, akachemsha chai. Kisha alimwita mumewe na kumfunga vifungo vya shati.

Zamani kazi hizo waligawana. Wenseslaus alikuwa akikata majani alfajiri, kabla hajateremka Moshi kwenda kwenye kazi ya reli. Sasa hata kifungo kilimshinda.

"Baba Salvina, umenenepa, au shati limerudi?" Theopista alimtania.

"Shati limerudi. Mtu atanenepaje kwa mtori wako wa ndizi mbili na maji matupu?"

Walicheka wote wawili. Hata hivyo, Wenseslaus aliuficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo. Alikuwa na tabia hiyo tangu alipoumia.

Aliumia mwezi wa Machi, mwaka uliopita. Alikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja. Kazi yao ilikuwa kubadilisha mataruma, yaani yale magogo yanayolazwa chini ya reli ili kuishikilia. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Wanaume wanane waliinua kipande cha reli. Chuma kikateleza, kikaubana mkono wa Wenseslaus juu ya taruma.

Alilazwa wiki mbili. Mifupa iliunga, lakini vidole vitatu vilibaki vimenyooka kama vijiti. Daktari alisema upasuaji wa pili ungeweza kuvirudishia nguvu. "Ila msikawie sana," alionya.

Fedha za upasuaji hawakuwa nazo. Wakati wa Krismasi, binamu yake Valerian, anayefanya biashara Holili, alipanda nyumbani mlimani Uru, kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo. Alizunguka sehemu ya chini ya kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Aliipima kwa hatua zake mwenyewe.

"Nitainunua," alisema. "Jumamosi ya pili ya Januari nitaleta fedha."

Katika sehemu hiyo yalikuwamo makaburi ya baba na mama yake Wenseslaus. Tangu siku ile Wenseslaus hakushuka tena huko chini.

Siku ya Alhamisi, Theopista alipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa pale Uru. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu Valerian alete fedha. Kwenye foleni alikutana na Pamela, binti wa jirani. Pamela alikuwa msaidizi wa kisheria. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu wa kata haki zao, bila malipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona leo umenyong'onyea hivyo?"

Theopista hakutaka kusema. Lakini Pamela aliishika ndoo yake, akasubiri. Basi akamweleza habari za Valerian.

"Ngoja kwanza, mama," Pamela alisema. "Baba aliumia akiwa kazini. Kwa nini muuze kihamba? Mwajiri wake hakupeleka taarifa ya ajali?"

"Taarifa ya nini tena? Jambo lile liliisha. Kornel alileta isale."

Pamela aliiweka ndoo chini. Alilielewa neno hilo vizuri. Kwa Wachagga, mtu akikuletea jani la isale anakuomba msamaha. Ukilipokea, umesamehe, wala hurudi nyuma. Kornel alikuwa msimamizi wa kikundi cha vibarua cha Wenseslaus. Jumapili moja alikuja na isale, mbuzi na pombe ya mbege. Wazee walikaa, wakala, wakanywa. Wenseslaus akasema mbele yao, "Limekwisha."

"Jioni nitakuja kwenu," Pamela alisema. "Baba asiende popote."

"Aende wapi na mkono ule?"

Jioni Pamela alifika. Wenseslaus alimpokea vizuri, lakini aliposikia neno fidia, uso wake ulibadilika.

"Binti yangu, mimi nimepokea isale. Leo nikamshitaki Kornel, kesho nitapita njia gani hapa Uru? Watu watasema nimekula mbuzi wa mtu halafu nikamgeuka."

"Baba, nani amesema umshitaki Kornel?"

"Sasa hiyo fidia inatoka kwa nani? Si kwake?"

"Hapana. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Umewekwa na sheria. Kila mwajiri anatakiwa kuuchangia kwa ajili ya wafanyakazi wake. Wewe hukatwi chochote, na Kornel hatoi chochote. Ukiumia kazini, Mfuko unalipia matibabu. Unalipa pia sehemu ya mshahara kwa siku ulizoshindwa kufanya kazi. Ukibaki na ulemavu, unalipwa kwa ajili ya huo ulemavu."

"Lakini hakuna aliyekosa. Chuma kiliteleza tu. Mvua ilinyesha."

"Ndiyo maana sheria haiulizi nani alikosa. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini."

Theopista, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, alisimamisha kisu. "Hata kibarua? Hakuwa na mkataba wa maandishi."

"Hata kibarua, mama. Kuna njia nyingine za kuonyesha kwamba alikuwa kazini. Zile meseji za malipo kwenye simu yake bado zipo? Karatasi za hospitali je?"

"Meseji zipo. Karatasi zote ninazo. Nimezikunja ndani ya kitabu cha nyimbo."

Wenseslaus aliutazama mkono wake wa kulia. Kisha akauliza polepole, "Na isale niliyoipokea?"

"Ibaki palepale," Pamela alimjibu. "Umemsamehe Kornel, umefanya vema. Msamaha ni wako na yeye. Fidia ni jambo lako, mwajiri na Mfuko. Huwezi kuipoteza haki hiyo kwa kula mbuzi. Unaweza kuipoteza kwa kuchelewa. Madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu ajali. Uliumia lini?"

"Machi."

"Na sasa ni Januari. Tumebakiwa na muda mdogo. Tafuta mtu aliyeiona ajali, akuandikie."

Aliyeiona kwa karibu kuliko wote alikuwa Kornel.

Ijumaa asubuhi, Wenseslaus na mkewe waliteremka Moshi na chupa ya chai. Walimkuta Kornel kando ya reli, amekaa juu ya kokoto na wenzake, wanakunywa chai. Alipowaona alisimama haraka.

"Shemeji! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," Theopista alisema. "Tumekuja kuomba utuandikie kwamba mwenzako aliumia hapa, siku gani, na ilikuwaje. Tunataka kudai fidia."

Uso wa Kornel ulikakamaa. Aliwavuta pembeni. "Wense, mimi na wewe si tulimaliza? Isale ulipokea. Sasa unataka nifukuzwe? Nifungwe?"

Wenseslaus aliinamisha kichwa. Theopista aliona kwamba mumewe angegeuka na kurudi mlimani bila neno. Kesho yake kihamba kingekwenda. Alivuta pumzi.

"Shemeji Kornel, unisikilize. Hakuna anayekudai. Mume wangu hajarudisha isale yako, wala hairudishi. Sheria haimtafuti mkosaji. Inataka mtu mmoja tu aseme kweli. Wewe ulimbeba mgongoni hadi kwenye gari siku ile. Leo unashindwa kumbeba kwa kalamu?"

Kornel alimtazama Wenseslaus. "Kwa hiyo fedha hazitoki kwangu?"

"Hata senti," Wenseslaus alisema.

"Wala sishitakiwi?"

"Ningekushitaki, ningekuja na mke wangu na chai kwenye chupa?"

Kornel aliketi chini kwa uzito. Machozi yalimlengalenga. "Aisee, nyinyi. Miezi kumi hii kila simu ikilia usiku nadhani ni polisi. Nilileta mbuzi yule kwa hofu. Ofisini niliogopa kusema neno." Kisha akainuka. "Ninalo daftari la mahudhurio. Jina lako lipo siku ile, na pembeni niliandika 'ameumia mkono'. Twende."

Kornel aliwapeleka kwa meneja wa mkandarasi. Meneja alianza kulalamika kwamba muda umepita. Wenseslaus alimpigia Pamela simu, akampa meneja azungumze naye. Pamela alimkumbusha kwa adabu kwamba ni mwajiri aliyetakiwa kupeleka taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba za kazi. Kuchelewa kwake hakumwondolei mfanyakazi haki. Meneja alikuna kichwa, akaanza kujaza fomu.

Jumamosi Valerian alifika na begi lake.

"Karibu chai, ndugu yangu," Wenseslaus alimwambia. "Shamba siuzi."

"Huuzi? Unategemea makaratasi ya mjini yakutibu?"

"Nayategemea."

Valerian alicheka kwa dharau, lakini chai alikunywa, vikombe viwili.

Majibu hayakuja upesi. Mfuko uliomba karatasi moja iliyokosekana. Theopista aliitafuta, akaipeleka. Hatimaye gharama za upasuaji zikakubaliwa. Baada ya upasuaji, vidole viwili kati ya vile vitatu vikaanza kukunjika. Cha tatu kilikataa. Madaktari walikipima kiwango cha ulemavu, na Mfuko ukalipa kwa ajili yake. Ulilipa pia kwa miezi aliyokaa bila kazi. Hawakutajirika. Lakini Theopista alilala usingizi mzito, na Wenseslaus akaanza tena kupiga mluzi.

Mvua za masika za mwaka uliofuata ziliposhika, walishuka sehemu ya chini ya kihamba kupanda miche ya kahawa kwenye nafasi zilizokuwa wazi. Kornel alitokea kwenye migomba, amekunja suruali.

"Hilo ni shimo la kahawa au la kumzika ng'ombe?"

"Shika jembe, msimamizi," Wenseslaus alisema. "Huku si relini. Huku unachimba mwenyewe."

Kornel alichimba. Akiwa anachimba alisimulia kwamba Jumanne fundi wao mmoja aliangukiwa na chuma mguuni. "Kabla hajafungwa bandeji, taarifa ilikuwa imeshafika ofisini. Niliiandika mwenyewe."

"Mbuzi je?"

"Mbuzi nitapeleka Jumapili."

Walicheka. Wenseslaus alipiga magoti kwenye udongo uliolowa. Aliushika mche kwa mkono wa kulia, kwa kidole gumba na vile vidole viwili. Theopista alianza kurudishia udongo kuzunguka shina.

"Usiuachie," alisema.

"Nimeushika," Wenseslaus akajibu.