Vinundu vya Kulungu

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa ile ile: kuketi mezani na barua za wiki nzima na kumsomea Papa kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Papa alijua jina la kila ng'ombe wa babu kule milimani, Kivu ya Kusini, lakini hapa ugenini, Highview, hata karatasi ya umeme ilimshinda. Alinisikiliza amekunja mikono kama yuko kanisani. Mimi Hadassa, msichana wa miaka kumi na miwili, kichwa kilinivimba kweli.

Jumamosi moja ya Novemba hatukusoma barua. Ghala alilofanyia kazi Papa lilikuwa limewapumzisha watu tangu Septemba, na katika friza yetu kulibaki barafu na pakiti moja ya mahindi. Pantaleo, rafiki yake Mrundi tuliyesali naye, alikuwa amemfundisha kuwinda, akamsaidia kupata leseni, akamwazima bunduki na pikapu. Papa alitoka alfajiri kwenda kwenye shamba moja nje ya mji. Mama alikwisha kuiosha friza. Alisema kulungu mmoja mkubwa angetufikisha Februari.

Papa alirudi saa nne, lakini hakutabasamu. Alituita nje tuangalie nyuma ya pikapu. Kulungu alikuwa mnene, ila shingoni na karibu na jicho alikuwa na vinundu vyeusi visivyo na manyoya, vingine vikubwa kama viazi.

"Kwetu ng'ombe wa namna hii haliwi," Papa alisema. "Ugonjwa wa vinundu ulipoingia, tulizika. Lakini huyu si ng'ombe, na magonjwa ya hapa siyajui. Donc, basi, Hadassa, pigia simu ofisi ya wanyamapori. Uliza kama nyama inalika. Watakachosema ndicho tutakachofanya."

Nilichukua simu nikajifungia chumbani. Niseme ukweli: sikuitaka nyama ile. Akilini nilikiona kinundu kwenye sahani yangu. Tena mwaka uliopita mwenzangu mmoja shuleni aliziba pua alipoona sombe, kisamvu cha Mama, kwenye chakula changu, na bado nilikuwa naona haya. Sikubonyeza namba hata moja. Nilikaa kitandani nikahesabu hadi mia mbili, kisha nikatoka.

"Wamesema tuitupe," nikasema.

Papa hakuuliza mara mbili. Alirudi shambani akachimba shimo mchana kutwa, maana kwetu mnyama mgonjwa haachiwi mbwa. Alirudi na udongo hadi magotini, tukala maharage. Kesho yake, Jumapili, msimu wa kuwinda kwa bunduki ulifungwa.

Jumatano Pantaleo alikuja kuchukua bunduki yake. Mama alimwandalia chai, Papa akamweleza habari za vinundu.

"Aa, mimi nimekwisha kula wawili wa hivyo," alisema Pantaleo. "Vile ni vya ngozi tu."

"Ofisi yenyewe ndiyo iliyomwambia Hadassa," Papa akajibu.

Pantaleo alinitazama kidogo. "Basi labda mimi ndiye niliyekosea. Tuwapigie tena, nisije nikawalisha watoto wangu sumu."

Simu iliwekwa mezani, sauti ikafunguliwa. Mwanamke akapokea, nikamuuliza. Alieleza polepole, na kila neno nililielewa. Mezani hapo hakuna mwingine aliyemwelewa, hata Pantaleo. Ningeweza kusema "itupwe", na mambo yangeishia pale. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikaona viganja vya Papa, vimejaa malengelenge ya koleo.

"Anasema ni virusi vya kulungu," nikaanza. "Havimwambukizi mtu. Vinundu viko kwenye ngozi, ukimchuna vinatoka nayo. Kama havijapasuka na kutoa usaha, na mnyama hajakonda kwa ugonjwa, nyama inalika." Nikamtazama Papa. "Na siku ile sikupiga, Papa. Nilidanganya. Niliona kinyaa."

Yule mwanamke alikuwa bado anaita kwenye simu. Mama akaikata, akaingia jikoni. Pantaleo alichukua bunduki yake akaondoka, chai hakuigusa. Hakuna aliyenigombeza, na ningeona afadhali fimbo. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku nne.

Jumamosi iliyofuata Papa aliketi mezani na barua zake, hakuniita. Nilisimama mlangoni hadi miguu ikachoka. Mwishowe akasukuma barua moja upande wangu. Ilitoka kwenye ghala.

"Soma," alisema. "Yote."

Nikasoma. Walimshukuru kwa kazi yake. Walisema nafasi yake imefutwa, hawatamwita tena. Nilitamani kuongeza neno "labda", nimtulize kidogo. Sikuongeza. Nilisoma hadi jina la aliyetia sahihi, machozi yakinidondoka kwenye karatasi.

Papa aliikunja barua ile akaiweka kando.

"Bon, basi," alisema. "Nyama imeoza, haitarudi. Kazi nayo imekwenda, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Lakini sikia, mwanangu. Katika nchi hii nina mdomo mmoja tu, na ni wewe. Ukweli hata ukiwa mchungu nitaubeba, maana najua uzito wake. Lakini ukinidanganya, sijui hata nimebeba nini. Mtu aliyekabidhiwa maneno ya wenzake ayafikishe kama alivyoyapokea, hata kama hayapendi."

"Ndiyo, Papa."

Akachukua barua ya pili, akaifungua, akaiweka mbele yangu.

"Endelea," alisema.